Sifa za Ng'ombe wa Baba Naserian

Jumatatu, 5 Mei
Madaftari ya kidato cha kwanza tena. Chai imepoa nasahihisha. Karibu wote wameandika "one of the biggest cow". Nimeeleza mpaka koo limekauka: mkubwa kuliko wote akiwa mmoja, cow; ukisema mmoja kati ya wakubwa, cows. Wananitazama tu. Siwalaumu, kwetu ng'ombe ni ng'ombe, awe mmoja au zizi zima. Naserian peke yake kapatia yote. Binti wa wafugaji, Kiswahili chenyewe kajifunzia shule, na anawaburuza wote. Nampenda huyu mtoto, sifichi.

Jumatano, 7 Mei
Leo nimetoa darasa nje. Ng'ombe wa kina Naserian walikuwa wanapita nyuma ya shule kwenda kunywa maji. Nikasema ubao wa nini, na mifano hiyo inapita? Tukanyoosha vidole. The fattest cow, yule mwekundu. The fattest cows, wale wa mbele. Darasa zima kwa sauti moja. Wameelewa, hata wale wa dawati la nyuma! Naserian hakufungua mdomo. Aibu tu, nadhani. Nimerudi nyumbani najiona mwalimu kwelikweli.

Ijumaa, 9 Mei
Yule mwekundu amelala chini tangu jana, hali majani. Naserian hajaja. Mwenzake kaleta habari: baba yake kamwachisha shule. Kwao ng'ombe wa mtu hanyooshewi kidole na kusifiwa hivihivi, anapatwa na kijicho. Kwa hiyo nimemroga ng'ombe. Kwa Kiingereza! Nimekasirika sana. Mkuu wa shule anataka tumpeleke mzee kwa mtendaji wa kata. Nimemwomba asubiri. Sijui kwa nini.

Jumapili, 11 Mei
Marui, kijijini kwetu, kwa mama. Nimemsimulia nikitegemea tucheke. Hakucheka.

"Ulisema mashaallah?"

Sikulisema. Mtoto wa dada yangu akisifiwa unene bila neno hilo, mama anakuwa mbogo. Hata mimi nimeshamnunia jirani kwa hilo. Sasa kwa ng'ombe wa Mmaasai ndiyo nikaona ushirikina. Nimeona haya. Naserian akikaa nyumbani hadi muhula uishe, harudi tena. Ataozwa. Nawajua wawili walioishia hivyo.

Jumatatu, 12 Mei
Nimerudi shuleni Magindu, na baada ya vipindi nimekwenda bomani kwao. Woga mtupu. Nikamwamkia baba Naserian, akaitikia marahaba huku anatazama kwingine. Kigoda hakutoa. Nikamwambia kwetu Kisarawe nako mtu hasifu mali ya mwenzake bila kumtaja Mungu, nami sikumtaja. Sikujitetea. Nikaomba radhi, nikamwomba amrudishe binti shule. Mwekundu alikuwa amesimama, lakini mbavu nje.

Naserian ndiye aliyesema. Kainamisha kichwa, kaongea kwanza na baba yake kwa lugha yao, halafu akanigeukia.

"Mwalimu, ng'ombe tukiwasema vibaya hawadhuriki."

Jamani, akili ile. Mzee alimwangalia mwanawe. Kisha akaniambia nitukane ninavyotaka, kibaya hakionewi kijicho. Kama mtoto atarudi, hakusema. Nikaondoka na wasiwasi wangu.

Jumatano, 14 Mei
Karudi! Nilitaka kumkumbatia, nikajikaza. Ubaoni: the laziest goat, the ugliest goats, the thinnest cow, the thinnest cows. Wamecheka mpaka mwalimu wa hesabu kaja kuchungulia. Mbuzi wa kijiji kizima wamepata matusi yao. Na madaftari safi, sijapata kuona. Heshima ya baba yake kailinda, shule kaishika, na mimi kaniokoa. Mtoto yule.

Ijumaa, 23 Mei
Siku ya wazazi. Manyunyu asubuhi. Baba Naserian alikuja na fimbo yake, akaketi mstari wa mbele. Nikamwonyesha matokeo: binti yake wa kwanza darasani. Nikabana mdomo. Aliikagua karatasi taratibu, ingawa nadhani hasomi. Akasema wazi, wazazi wengine wakisikia:

"Huyu ndiye mjinga kuliko watoto wangu wote."

Naserian akainama kuficha tabasamu.

"Kweli, mzee," nikasema. "Tangu nianze kufundisha, sijapata mjinga kama huyu."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Wakaondoka pamoja, yeye mbele, binti nyuma na mkoba wa shule.