Basi la Mama Lilivyonyamaza

Rangwe,
Jumatatu asubuhi.

Kaka yangu Gordon,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai joto la Doha halijakumaliza na kile kikohozi kimekuacha. Huku mvua imetunyeshea vizuri, mahindi yanafika kiunoni. Naandika kwa kalamu, kisha nitapiga picha nikutumie, maana kwa simu ungenikatiza kabla sijafika mbali. Nakujua.

Habari ni za basi. Tangu utufungie ndani yake sola na inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri, ili Mama apate spika za kuhubiria akizunguka nalo, kanisa lake limejaa watu kutoka hapa hadi Migori, na sababu hukuambiwa. Unajua waumini wetu husali peku. Nyasi zikilowa, mtu akishika chuma cha mlango wa basi, mwili unamtetemeka. Mama alisema ni Roho Mtakatifu. Watu wakawa wanapanga foleni kukishika, wengine wanaanguka wakilia kwa furaha. Mimi dereva huvaa viatu, sikuwahi kuhisi kitu, nami nikaamini.

Mpaka siku nilipoosha basi Migori, miguu mitupu kwenye matope, inveta ikiwa imewaka. Lilinirusha nikaketi chini. Sikuwa naomba, Gordon, nilikuwa nasugua mlango! Fundi Mosoti alipochungulia, aliniambia uliifunga inveta kama ya nyumba: ukatuwekea nondo ya kuchimbia ardhini kila tunaposimama, lakini bodi ya basi, iliyokaa juu ya raba za matairi, hukuiunganisha na chochote. Waya mmoja chini ya ngazi ulikuwa umechubuka, na umeme wote ukawa unamwagikia kwenye bodi. Alisema hapo atakufa mtu.

Nilimwambia Mama. Akanijibu kwamba namkufuru Mungu, na akakataza fundi yeyote kuligusa basi. Kisha akatangaza kwamba Jumapili, hapa Rangwe, mkeo Kezia atakishika kile chuma kwa mikono miwili, na tumbo lake lile, ili mtoto abarikiwe. Kezia wa watu akafurahi, akaniomba nimsukie nywele. Nilimsuka.

Jana mvua ilitangulia ibada. Kezia alivua viatu, akakanyaga maji, akashika. Kimya. Waimbaji wakarudia wimbo, Mama akamwambia ashike tena, kwa nguvu. Hakuna kitu. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akauliza mbele ya watu wote kwa nini Roho amkatae, na huyo mtoto ni wa nani, ikiwa mumewe yuko ng'ambo. Kezia alieleza kwamba ulikuja likizo, kila mtu alikuona. Hawakumsikiliza. Mama hakumtetea, aliivunja foleni, akaingia ndani ya basi akalia. Jioni Werema, kaka yake Kezia, alikuja na bodaboda, akamchukua wakarudi kwao Kehancha. Alibeba vyombo vyake vyote.

Sasa nisikilize. Hakuna Roho aliyemkataa mkeo. Ni mimi. Jumamosi, Mama alipokuwa sokoni, nilimwita Mosoti kwa siri. Akabadilisha ule waya uliochubuka, akavuta mwingine mnene kutoka kwenye inveta hadi kwenye chesisi, yaani fremu ya basi, ili umeme usimpige mtu tena. Niliogopa Kezia angekufa na mtoto tumboni. Hilo sijutii. Lakini mzee alipouliza lile swali, nilisimama pale, funguo za basi mkononi, najua kila kitu, nikanyamaza. Nilimwogopa Mama. Niliwaogopa watu. Naona aibu hata kukuandikia.

Leo nitamweleza Mama, na akinifukuza, nifukuzwe. Kesho nitakwenda Kehancha nikapige magoti mbele ya Kezia na wazazi wake. Jumapili nitasema kanisani, kwa spika zako zile zile.

Lakini kabla hujampigia Mama, na kabla hujanitukana, mpigie mkeo. Werema ameniambia kwamba tangu jana simu iko mkononi mwake, anaogopa kwamba na wewe utamuuliza mtoto ni wa nani.

Wasalimie wenzako mnaoishi nao. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi dada yako,
Trizah