Maneno Yako, Dada Kabula

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Hapa Kigongo tuko salama, ila tangu simu yako ya juzi moyo wangu haujatulia. Umesema huko chuoni Dar wenzako walicheka lafudhi yetu ya Kisukuma, na sasa unataka kaka mmoja wa kundi lenu asimame mkutanini asome utafiti wako kuhusu ziwa letu, wewe ukae tu ukisikiliza. Nimeona nikuandikie, tena waziwazi, wasichana wengine nao wasome.

Unakumbuka ulipotaka kuchota maji katikati ya ziwa, uyalinganishe na yale ya kijani ya ufukweni yaliyokuwa yakituumiza matumbo? Ulikuwa kidato cha tatu. Baba mdogo alikataa katakata: "Mwanamke hapandi mtumbwi wa dagaa. Samaki watakimbia." Mimi nilishaanza kuondoka. Wewe ukapiga goti, ukamwamkia upya, ukasema, "Basi baba, nipeleke wakati wa mbalamwezi." Siku hizo mitumbwi yote hupumzika, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Sasa watamkimbia nani, na hakuna anayewavua? Baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. Mwezi ulipopevuka, asubuhi moja ulipanda mtumbwi, umekumbatia kapu la mama lenye chupa zako.

Halafu ule mkutano wa mwalo, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Tangu tupate akili, mwanamke akiwa na neno humnong'oneza mume au kaka, naye ndiye husema. Mwenyekiti alimwita baba mdogo akusemee. Ukainuka na chupa zako mbili, ukasema: "Maneno ni yangu, mzee. Nitayasema mwenyewe." Ukaeleza jinsi mvua inavyoteremsha mbolea za bustani ziwani hadi maji ya ufukweni yanakuwa ya kijani, na kwamba matete tuliyoyafyeka ndiyo yaliyokuwa yanazichuja. Kwa Kiswahili hichohicho cha kwetu, na hakuna aliyecheka. Nilikuonea fahari mpaka nikalia, nawe ukanitania eti nimekuaibisha mbele za watu.

Matete yamerudi, dada. Yamenipita urefu, ingawa najua utasema hiyo si kazi ngumu. Wasichana wa shule sasa wanachota maji wayapime, na mkutanini wanabishana na wazee, mradi waanze na shikamoo. Wakibanwa wanasema, "Kabula alisema." Sijasikia hata mmoja akisema kaka wa Kabula alisema.

Jana nilimkuta baba mdogo akishona nyavu zake. Nikamweleza kuhusu mkutano wako. Akauliza, bila kuinua macho, "Mwanangu huyo, huko Dar nako atasema mwenyewe?"

Nikamjibu, "Mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Nimeshakusemea hilo moja tu, dada. Mengine yote ni yako. Usinifanye mwongo.

Nakupenda mno.

Mdogo wako, niliyelia mkutanini,
Minza