Baba Mkwe, Kioo Kimerudi Kuwa Cheusi

Mpendwa Baba Mkwe,

Nimechelewa kukuandikia, na sina cha kusingizia. Mvua zimekuja zimekwenda, mpunga wa Bujonde tumevuna na kuanika, Tusekile ameota meno ya juu na sasa anatembea kwa kushika ukuta, na mimi bado nilikuwa najiambia kesho, kesho. Simu ninayo. Nimekupigia, ikianza tu kuita nakata. Kwenye simu hakuna ukuta. Sauti yako inaingia moja kwa moja sikioni, nami sijui niinamie wapi.

Wifi, najua ni wewe unayemsomea Baba barua hii huko Karonga. Msomee polepole, kama mimi nilivyokuwa namsomea kioo cha kompyuta. Usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Baba, nataka urudi nyumbani. Nalisema mapema ili usije ukadhani nimeandika kwa ajili ya kompyuta. Lakini pa kuanzia ni hapo hapo kwenye kompyuta, maana ndiyo iliyotukutanisha na ndiyo iliyonivua nguo mbele yako.

Unakumbuka ulivyokuja nayo kutoka Malawi, baada ya miaka yako yote ya kutunza mashine za ile kampuni ya tumbaku? Uliifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Majirani walidhani ni televisheni, wengine wakaanza kuuliza mechi. Baba Tusekile akaiwasha, akaona kioo cheusi na maandishi meupe, akasema, "Baba, hii mbona haina Windows?" Nilikuwa jikoni, nikakusikia unajibu, "Windows ya nini? Huyu ni wa ukoo wa Unix. Hadai leseni, haumwi virusi, na hana majungu." Halafu ukasema neno ambalo sikulitegemea: "Mashine ni ya mama Tusekile. Afungue chumba cha mbele, awachapie watu barua."

Niliogopa, Baba. Mimi niliyeishia kidato cha nne, tena kwa kuchechemea. Na tungefundishanaje? Tangu niolewe hapa Ikolo hatujawahi kukaa chumba kimoja. Ukikohoa njiani, mimi napita nyuma ya migomba. Ukikaa kula, mimi sipo. Jina lako sijalitamka hata nikiwa peke yangu. Ndivyo mama alivyonilea, na ndivyo Mama wa hapa alivyonipokea: mkwe mwanamume haonwi usoni, wala hashikwi mkono.

Wewe ndiye uliyepata njia. Ulichukua benchi ukaliweka nje, chini ya dirisha la chumba cha mbele, ukaagiza nitundike kanga dirishani. Mimi ndani na kibodi, mtoto mgongoni. Wewe nje na fimbo yako. Ukisema neno, naandika. Kioo kikijibu, nakusomea herufi kwa herufi, Kiingereza changu cha kubabaisha kikipita kwenye kanga. Nikimaliza ulikuwa unagonga ukuta na fimbo, maana yake tuendelee. Watu wa barabarani walidhani mzee anasali.

Siku ya kwanza tu tulikwama. Mashine iliuliza jina la mtu atakayeitumia. Ukasema, "Andika jina langu." Nikanyamaza. Ukagonga ukuta. Nikanyamaza. Mtoto akapiga chafya. Kisha nikasikia unacheka taratibu kule nje: "Ee, nimesahau naongea na nani. Haya, andika la mtoto." Basi mwenye kompyuta akawa Tusekile, ambaye wakati huo hata kukaa alikuwa hajajua.

Ulinifundisha kwamba hii mashine kazi zote inaweza ikiwa hivyo hivyo nyeusi, lakini wateja hawatakuja kwenye weusi. Wanataka picha, vidirisha na kipanya. Kwa hiyo, picha hiyo lazima tuijenge wenyewe. Tukachota intaneti kwa waya kutoka kwenye simu yangu, tukashusha vipande vyake, mimi nikikusomea majina yanavyopita hadi koo likanikauka. Tulipoandika ile amri ya kuwasha picha, startx, kioo kikajaza maneno, na mwisho wake nikakusomea: no screens found.

"Inasemaje?" ukauliza.

"Inasema haijaona kioo, Baba. Na kioo chenyewe ndicho kinachosema."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kiko mbele yake na hakioni! Usimcheke. Hajapewa dreva, ile programu ya kuendesha kadi ya picha, atajuaje kwamba ana kioo?" Usimcheke. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu uondoke.

Tukaiwekea dreva. Ikakataa tena, ukasema Tusekile hajaingizwa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kugusa picha. Tukamwingiza. Ikabaki faili moja, lile ambalo jina lake linaanza na nukta, la kuiambia mashine ilete picha ipi. Nilipolihifadhi, nikaomba orodha ya mafaili, sikuliona. Nikakwambia limepotea. Ukasema, "Halijapotea. Faili lenye nukta mbele linafichwa. Ni kama mkwe wa Kinyakyusa: yumo ndani ya nyumba, kazi zote anafanya yeye, ila haonekani." Nilicheka nikijiziba mdomo na kanga, ili usinisikie. Kumbe ulinisikia. Ukagonga ukuta, tukaendelea.

Sikuwahi kukwambia, Baba, ila saa zile za dirishani ndizo saa pekee nilizokuwa sijisikii kuchoka. Usiku mtoto, alfajiri kuni, mchana shamba la kakao. Halafu jioni kuna mtu mzima anakaa nje kwenye benchi kwa ajili yangu, ananisikiliza nikisoma vibaya, na haniambii mjinga.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa jioni, wale mama wa kwaya wamekuja kuuliza kama naweza kuwachapia ratiba ya mkutano wao. Niliwaambia wangoje kidogo. Nikaandika ile amri. Kioo kikawa cheusi tii, mara kikawaka: buluu, na chini vile vidude vya kubonyeza, na kishale cha kipanya katikati kinangoja. Wale mama wakapiga vigelegele. Mimi sikujua nafanya nini. Nilitoka mlangoni mbio, na mtoto mgongoni, nikakuta umeshasimama kwa zile kelele. Nikakushika mkono. Mimi, mkono wako. Nikasema, "Baba, imekuja! Njoo uone!" nikakuvuta hadi ndani, mbele ya watu.

Ulisimama katikati ya chumba. Kompyuta ilikuwa kushoto kwako, juu ya ile meza ya kushonea. Wewe ukageukia ukuta, pale ilipotundikwa kalenda ya kanisa. Ukaitazama kwa heshima yote, ukatikisa kichwa, ukasema, "Safi sana. Hata rangi zimekaa vizuri."

Mmoja wa wale mama akasema, "Babu wee, hiyo si ni kalenda ya mwaka juzi!"

Wakacheka wote. Lakini watu wakisimulia wanasema kwaya ndiyo iliyocheka, wananisitiri. Kicheko cha kwanza kilikuwa changu. Nilidhani unatania, kama ulivyozoea. Nilicheka huku bado nimeushika mkono wako, na ndani ya kicheko changu mkono ukawa mzito, ndipo nikakutazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. Macho yako yalikuwa na ukungu mweupe, kama ule unaokaa ziwani asubuhi upande wa Mwaya. Yalikuwa yananitafuta na hayanipati.

Ukasema, "Ee. Nimeiona." Ukautoa mkono wako taratibu, ukaupapasa mlango, ukatoka. Baada ya siku chache Wifi akaja, ukaondoka naye kuvuka mto Songwe kwenda kwake Karonga. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo. Nilisikia kikohozi chako kinaenda mbali, na mila ikaniambia nisitoke. Ningetoka ningesema nini?

Baba, nilipaswa kujua. Ulitaka nikusomee hata yale maandishi makubwa ambayo mtu angeyaona kwa kuchungulia tu. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kanga na ukuta. Kumbe hata ungekaa kando yangu bado ungehitaji nikusomee. Ule ukuta ulikuwa unakusitiri, na mimi ndiye niliyekuvuta ukatoka nyuma yake ili watu wote wajue. Hata Mama alikuwa hajui yamefika pale. Aliketi na kulia, anasema alidhani unamwaga chai kwa uzembe, na alikuwa anakugombeza.

Nilimwuliza Mama nifanye nini. Unamjua, hasemi la kubembeleza. Akaniambia, "Ulimshika mkweo mkono, hilo jogoo atalilipa. Ulimcheka. Hilo sijui linalipwa na mnyama gani." Jogoo wa kuchinjwa kwa ajili ya mila tayari amefungwa mguu hapa uani, yule mwekundu, na Tusekile anamwogopa. Hilo la pili ndilo lililonichelewesha kuandika. Nimelitafutia mnyama, sijampata. Mwisho nikaona nikwambie tu kwa mkono wangu: nilikucheka, na nimeona haya, na nitaendelea kuona haya hata ukinisamehe. Sikuombi uniondolee.

Ila kuna jambo nakataa, na utaniwia radhi nikisema kwa ukali kidogo. Wifi ameniambia kwamba unasema hutaki kusumbua watu kwa macho ya kizee, na kwamba umekuja kwake kungoja siku zako. Hapana, Baba. Ule ukungu daktari anautoa. Yule mzee wa kule chini anayeuza samaki alikuwa hivyo hivyo, akapelekwa Mbeya, leo anahesabu chenji zake mwenyewe na anatugombeza bei. Baba Tusekile ameshatenga pesa ya kakao ya msimu huu, na mimi nimekubali, tena mimi ndiye niliyeisema kwanza. Wewe mwenyewe ulinifundisha: aliye na kioo mbele yake na hakioni, hachekwi, anatafutiwa kinachokosekana.

Sasa habari za mashine. Umeme ulikatika na mvua ile kubwa, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Tumenunua nyingine, kuukuu. Nikaanza upya peke yangu na ile flashi yako yenye mfumo wa mashine, nimekaa kwenye kiti kile kile, dirisha wazi, kanga imetundikwa. Nilikuwa najisomea kwa sauti kama vile upo. Kila hatua niliyokumbuka nilijigongea ukuta mwenyewe. Mama akapita akasema, "Huyu sasa anasali na yeye."

Dreva nimeweka. Tusekile nimemwingiza kwenye kundi. Faili la nukta nimelitengeneza, lipo, limefichwa kama inavyotakiwa. Lakini ndani yake ni tupu. Ule mstari mmoja uliouandikisha siku ile nimeusahau, maana nilikuwa nawaza wale mama walioko mlangoni. Kwa hiyo nikiamuru picha, kioo kinapepesa mara moja kama jicho, halafu kinarudi kwenye weusi. Vijana wa stendi wananicheka: "Mama Tuse, si utafute kwenye simu? Dakika moja tu." Najua. Simu ninayo, na bando lipo. Sitautafuta. Kwaya wamekuja tena, nimewaambia mwalimu wangu amesafiri.

Benchi lako lipo palepale chini ya dirisha. Nimemkataza kila mtu kulikalia, isipokuwa yule paka wako, ambaye hasikii. Ukirudi, kaa hapo. Sitatoka. Sitakushika. Jogoo Mama atamshughulikia, na ukuta tutaurudishia heshima yake. Ukishatibiwa nikaona haya zaidi, basi nitatundika kanga nyingine juu ya hiyo.

Ndaga fijo, Baba, kwa kunifundisha. Sijawahi kukushukuru, kwa sababu ya kanga.

Mchele niliompa yule mama mfanyabiashara anayevuka mpaka ni wa kwetu wa Bujonde, ni wenu wa kula. Akirudi, naomba mnitumie haya: ile ndoo nyeupe iliyobeba mchele, pamoja na mfuniko wake, maana ni ya Mama na ameshaiulizia. Karatasi ya hospitali aliyokupa daktari wa huko, hata kama imechanika, ili Baba Tusekile aende nayo Mbeya. Siku utakayovuka daraja la Songwe, ili akungoje upande wa huku na pikipiki. Na ule mstari mmoja wa faili lililofichwa. Huo useme wewe kwa mdomo wako, Wifi aandike herufi kwa herufi, herufi zote ndogo, na mahali penye nafasi umwambie "nafasi", kama ulivyokuwa unaniambia mimi.

Mkweo,
mama yake Tusekile, wa ndani ya dirisha