Jicho la Kushoto la Papa Eugène

Likasi, Alhamisi

Yaya Séraphin mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za dada mdogo kwa kaka yake mkubwa. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe, wifi Jessica na watoto. Huku mvua zimeanza, matope yanaingia hadi sebuleni. Mimi sijambo. Kuhusu Papa wetu, nakuomba uketi kwanza. Barua hii nimempa Christiane, binti wa shangazi, anayekuja huko Kinshasa, kwa sababu kwenye simu sauti ingenikatika. Tena Papa alinikataza kukuambia.

Unakumbuka ulivyomsihi akubali kupasuliwa mtoto wa jicho. Mtu aliyesoma mita za mitambo ya umeme kwenye bwawa la Koni maisha yake yote alikuwa amefikia kumimina chai nje ya kikombe. Mwishowe akakubali. Daktari Ghislain alimpasua jicho la kushoto, na kesho yake bandeji ilipotolewa, Papa alinitazama kwa muda, kisha akashangaa: “Josée! Weye iko na mvi mu kichwa?” Manesi walicheka, mimi nikalia. Nawe ulilia kwenye simu, usikatae.

Jumapili iliyofuata, Mchungaji Hilaire alimwita mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Papa alisoma kwa sauti maneno ya kitambaa kilichotundikwa mwisho kabisa wa ukumbi. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Wamama walimzunguka wakicheza, naye akitabasamu, mkono wake ukigusagusa shavu. Nilidhani anafuta machozi.

Jumatano asubuhi nilimkuta kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Nikamgeuza. Yaya, nilipiga kelele. Kope ilikuwa imevimba, jicho limeiva kama nyama mbichi, na ndani yake, mbele ya mboni, usaha ulikuwa umetuama. Nilipunga mkono mbele yake. Hakuuona. Alisema anaona mwanga tu.

Daktari Ghislain alipomchunguza, rangi ilimtoka usoni. Alitueleza kwamba bakteria wameingia ndani ya jicho, jambo linalowapata watu wachache sana baada ya upasuaji kama huu, na kwake halijawahi kutokea. Alimchoma sindano ya dawa ndani ya jicho lenyewe, ndani kabisa, mimi nikiwa nimemshika miguu. Kisha akatupeleka Lubumbashi kwa gari lake. Maabara ya kule ilipata kijidudu ambacho madaktari wenyewe walisema wanakijua kwa vitabu tu. Nilimuuliza Daktari Ghislain kama kilitoka kwenye vyombo, au maji, au mikono ya watu wake. Alijibu kwamba bado hajui, ila amefunga chumba cha upasuaji na kuwaita wote aliowapasua siku zile ili awapime upya. Nilikuwa nimeweka matusi tayari. Sikuyatumia.

Dawa hazikushinda. Sasa nakuambia, yaya: jicho lile limeondolewa. Tangu hapo, kila ulipopiga simu na Papa akakujibu, “Naona muzuri, mwana,” alikuwa na tundu chini ya bandeji, na la kulia bado lina ukungu wake wa zamani.

Nilidhani hakuna la kunishtua zaidi ya hilo. Lakini tuliporudi nyumbani nilimuuliza maumivu yalianza lini. Akasema ni Jumapili ile, akiwa amesimama mbele ya kanisa. Jioni jicho lilikuwa kama moto. Nikamuuliza mbona hakuniambia, na daktari alituonya kwamba likiuma turudi saa ileile. Akanijibu: “Nilisikia haya, mwana. Bantu bote banajua Mungu alifungua jicho yangu. Ningebaambia nini tena?”

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Sikujua kama nimkasirikie au nimkumbatie. Daktari aliniambia faraghani kwamba kama dawa ingeingia mapema, pengine jicho lingepona. Sijamwambia Papa. Nadhani anajua.

Jumapili iliyopita alitaka nimpeleke ibadani. Alikwenda mbele bila kuitwa, akavua miwani yake nyeusi. Watu waliguna, wengine wakafunika macho ya watoto. Alisema hakudanganya siku ile, aliona kweli. Lakini jicho lilianza kumuuma palepale, akanyamaza kwa kuogopa kuharibu furaha yao. “Kama inakuuma, sema,” alisema. “Hata kama ulishatoa ushuhuda.” Mchungaji alitaka kuanzisha wimbo, Papa akamwomba angoje.

Ndipo aliposimama mama Jaël, mke wa fundi Georges, aliyepasuliwa siku moja baada ya Papa. Daktari alipomwita, alikuwa amemwambia hana tatizo lolote. Sasa alikuwa ametia kiganja juu ya jicho lake. “Yangu nayo inauma,” alisema, na Georges aliyekaa ubavuni mwake akabaki mdomo wazi. Hatukungoja sadaka. Mimi na Georges tulimkimbiza kwa daktari akiwa na nguo zake za kwaya. Jana nilimtembelea: wekundu umepungua, akanitajia rangi ya kitenge changu bila kukosea. Wanasema jicho litabaki.

Yaya, nakufunulia basi sababu ya Papa kukuficha. Hakuogopa hasira yako. Aliogopa utasema ni wewe uliyemsukuma. Ameamua kukupigia mwenyewe akueleze yote, na hajui kwamba nimekuandikia. Akipiga, usimkatize, wala usijilaumu masikioni mwake. Atakuuliza pia kama jicho la kulia lipasuliwe, huko Lubumbashi. Mimi aliponiuliza, nilikimbilia jikoni.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na wifi mwambie namkumbuka sana. Mungu awalinde hapo mlipo.

Mdogo wako anayekupenda,
Josée