Nimebandua Stika ya Kanisa Mlangoni, Sasa Mtoto Wangu Amenyimwa Ubatizo

Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana ndiyo siku binti yangu wa miezi saba alikuwa abatizwe, na sasa mchungaji amesema hatabatizwa mpaka nisimame mbele ya kanisa nitubu, na mimi nimejichunguza moyo juu mpaka chini sioni cha kutubu. Samahani kwa mwandiko, niliishia darasa la saba.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Tumepanga kwenye nyumba ya vyumba vinane, vyote vinatazama ua mmoja wenye bomba moja. Mwaka huu tukaletewa mchungaji mpya, kijana, anahubiri vizuri sitamsingizia, akaja na stika za kubandika milangoni, maandishi mekundu makubwa, NYUMBA HII NI YA WAKRISTO. Akasema siku za kujificha zimekwisha. Milango minne kwenye ua wetu ikabandikwa, na wetu ukiwemo, na mimi nilifurahi kabisa Shangazi, niliifuta vumbi kila asubuhi.

Lakini lazima nikueleze nilivyolelewa ndiyo utanielewa. Mama yangu alikuwa Mkristo na hakuwa na stika yoyote, ila mtaani kwetu mtu akiuliza nimwachie nani ufunguo anaambiwa mwachie yule mama Mkristo, wawili wakigombana wanapelekana kwake, mgeni akipotea anaonyeshwa mlango wake. Mimi nimekua nikijua Mkristo ni mtu anayegongewa. Siku hizi pale kazini akija mteja mwenye msalaba kwenye kioo cha gari, dada wa mapokezi anatukonyeza, "Jamani, mtumishi huyo amefika, mashati yahesabiwe mbele yake mara mbili." Wote wanacheka, na mimi nacheka halafu naumia, kwa sababu hasingizii, watumishi wawili wameshatuita wezi kwa mashati ambayo hawakuyaleta.

Basi pale nyumbani wenye stika tukaanza kuwa kama timu. Mama wa chumba cha pili akawa anawafukuza watoto wa wengine mlangoni kwake, nendeni mkacheze na wenzenu. Chumba cha mwisho anakaa Mama Pacha, msusi wa nywele, haendi kanisani kokote, yuko peke yake na mapacha wake wa miaka mitatu. Siku moja bombani akaomba ndoo, huyo wa chumba cha pili akamwambia, "Okoka kwanza ndiyo tukuazime." Ulikuwa utani, tukacheka wote, hata Mama Pacha alicheka.

Jumanne wiki tatu zilizopita nilikuwa na mapumziko, saa nane mchana nanyonyesha, nikasikia mtoto analia na miguu inakimbia mbele ya mlango wangu, nikadhani ni michezo. Kumbe pacha mmoja amejimwagia chai ya moto kifuani na mama yake amembeba, amepita mlango wangu ukiwa wazi nusu, amepita na ile mingine yenye stika, isiyo nayo wenyewe walikuwa kazini, mpaka barabarani, ndipo fundi viatu akamkimbiza hospitali kwa pikipiki ya mteja wake. Mtoto anaendelea vizuri namshukuru Mungu, ila kovu litabaki. Jioni nikaenda kumpa pole nikamuuliza, mwenzangu, mimi nilikuwepo, maji ya baridi ninayo, mbona hukunigongea? Akaniangalia bila hasira, hiyo ndiyo iliyoniua, akasema, "Niliona stika yenu. Nikajua nikigonga hapo nitaanza kuulizwa nasali wapi."

Shangazi, nilirudi ndani nikachomeka pasi. Sisi kazini tukitaka kutoa lebo iliyogoma tunaweka taulo lenye maji tunapitisha pasi juu yake, gundi inalegea. Nikafanya hivyohivyo mlangoni, stika ikatoka yote.

Kesho yake mwenyekiti wa umoja wa akina mama akaja na wenzake. "Binti, Yesu umempeleka wapi?" Nikaogopa, nikasema imebanduliwa na mvuke wa pasi, ambayo ni kweli na ni uongo. Akachomoa nyingine kwenye mkoba palepale, nikasema asante mama, nikaiweka chini ya godoro na ipo mpaka leo. Lakini yule wa chumba cha pili alikuwa ameniona, akafikisha habari, tukaitwa ofisini mimi na mume wangu. Mchungaji akasema, "Mkristo wa leo lazima aonekane. Asiyeonekana ameshahamia upande mwingine." Nikauliza upande gani, akasema nisibishane.

Mume wangu anasema, "Mama, bandika yaishe, karatasi haina meno." Nikamwambia hii ina meno, imeshamng'ata jirani. Mama mkwe ameshashona gauni na ndugu wameshaalikwa, anasema nitamvua nguo mbele ya ukoo. Mimi nataka sana mwanangu abatizwe, nimeota siku hiyo tangu yuko tumboni. Ila sitaki akue akijua kuwa Mkristo ni mlango ambao mwenye shida anaupita mbio. Shangazi, mimi ni mkaidi? Nibandike? Nitubu kitu ambacho kesho ningekifanya tena?

Mimi mpiga pasi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe pole jirani yako kwa niaba yangu, kisha ukae vizuri, maana nina maneno nawe.

Stika umeibandua, umefanya vyema, wala usiibandike. Hilo tumelimaliza. Unasema umejichunguza huoni cha kutubu. Mimi nimesoma barua yako mara moja tu na nimeona viwili.

Cha kwanza, umedanganya. Umekuwa jasiri mbele ya mlango na mwoga mbele ya mwenyekiti. Ukapokea na stika ya pili kwa asante! Tena nimeitafuta barua yako yote mahali unapomwambia mchungaji habari za yule mtoto aliyeungua, sijapapata. Ulimuuliza "upande gani" ukanyamaza. Sasa yeye atajuaje? Anadhani unamwonea Yesu haya, kwa sababu umemwacha adhani hivyo.

Cha pili, ulicheka bombani. Ile karatasi haikuandikwa "usigonge", mwanangu. Maneno hayo yaliongezwa na vicheko, na kimoja kilikuwa chako. Mama Pacha alicheka nanyi kwa sababu ndoo alikuwa bado anaihitaji.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujaanika hata nepi, nenda chumba cha mwisho. Gonga wewe. Mwombe radhi kwa kile kicheko, mwambie mlango wako uko wazi na hataulizwa kitu. Usimwombe aje kukutetea kanisani, kovu la mwanawe si ushahidi wako. Na usidhani mlango mtupu umekufanya kuwa kama mama yako. Yeye aligongewa kwa sababu watu walishamjaribu miaka mingi wakaona anafungua.

Stika ya chini ya godoro mrudishie mwenyekiti mkononi, umwambie ukweli, kwa heshima, bila kona. Mama mkwe mweleze mwenyewe asije akasikia kwa chumba cha pili. Na mumeo mwambie hivi kutoka kwangu: baba, wewe unatengeneza mageti, unajua vizuri kwamba kila geti lina mtu wa nje. Siku ile wa nje alikuwa mtoto mwenye malengelenge kifuani. Akishaelewa, atakusindikiza kwa mchungaji, na safari hii mweleze yote, Jumanne ile tangu mwanzo.

Huenda mchungaji akaelewa, ni kijana, bado ana nafasi. Asipoelewa akashikilia usimame utubu, kubali. Ndiyo, kubali! Wanaojiita Wakristo kwa sauti kubwa wamelifanya jina hilo liogopwe, na wewe ukiondoka kimyakimya utakuwa umewaachia. Ni jina lako pia. Ukipewa kipaza sauti sema: "Nilimdanganya mwenyekiti kuhusu stika, natubu. Nilimcheka jirani aliponyimwa ndoo, natubu. Kuibandua, sitatubu, maana mama mwenye mtoto aliyeungua aliisoma akapita mlango wangu." Utatetemeka. Tetemeka, lakini useme mpaka viti vya nyuma wasikie.

Kisha mpelekee mchungaji mtoto, mnyooshee mikono palepale mbele. Akisitasita, usirudi kukaa.