Njia ya Msalaba Inayoshuka Mtoni

Mama,

Mtoto amelala, acha nikuambie ya huku Kangemi.

Tangu tukuzike, padre mzee amerudi kwao. Tumeletewa katekista kijana, ana bidii kweli. Siku yake ya kwanza aliteremka kutoka kanisani hadi mtoni akiihesabu misalaba yote kumi na minne, akarudi amekunja uso. Baada ya ibada akatangaza: "Njia hii imegeuzwa. Bwana wetu alipanda Golgota, hakuteremka. Kabla ya Ijumaa Kuu tutaing'oa misalaba, wa kwanza ukae mtoni."



Wewe ndiwe uliyetusimulia kisa chake kila Ijumaa Kuu, umesimama pale mlangoni na leso yako ya Jumapili. Kwamba Uhuru ulikuwa bado, kanisa likiwa la udongo na mabati ya madebe. Kwamba padre alisafiri, nanyi kina mama mkataka kumfurahisha arudipo. Mkaanza kuchimba mashimo ya misalaba mlangoni, mkashuka, mkaishia mnakoteka maji. Aliporudi alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akasema, "Iacheni hivyo hivyo."

Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano. Nilisimama, mtoto mgongoni. Unajua niliishia darasa la nne. Nikasema tu nilichokiona. Kwamba sisi humzika Yesu mtoni, halafu tunapanda tukiimba, wote pamoja. Kwamba mwaka nilipompoteza kifungua mimba wangu nilianguka pale kwenye msalaba wa mwisho, nawe ukaniambia, "Lia hapa hapa, umalize. Huu mlima tutaupanda wote wawili." Nikamwambia katekista, ukiigeuza njia, mwenye msiba atafika kaburini huko juu, sala ziishe, kisha ashuke kwenda nyumbani peke yake.

Akainuka rafiki yako, Mama Rasoa, na mkongojo wake: "Katekista mwanangu, mashimo haya tuliyachimba wewe hujazaliwa. Unataka kuyahamisha? Jembe liko kwangu, njoo ulichukue, na mgongo uje nao."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, nampa heshima yake. Akasema misalaba ibaki. Lakini Ijumaa Kuu mtu asimame mlangoni kama ulivyosimama wewe, asimulie kisa hiki, kisha aongoze msalaba kwa msalaba, naye aelewe. Wote wakanigeukia mimi.

Sasa sikia. Tukitoka nje Mama Rasoa alinivuta kando, akaninong'oneza: "Hujui ni nani aliyetuambia tuanzie mlangoni? Ni mama yako. Tulimwuliza mara tatu, una hakika? Akasema, mimi hukaa benchi la mbele, najua."

Nilicheka, Mama, mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kucheka tena. Miaka yote hiyo ulisema "sisi kina mama." Hukujitaja hata siku moja.

Ijumaa ni keshokutwa. Naogopa. Huenda nikaruka msalaba mmoja, huenda sauti ikakwama. Lakini nitasimama, na nakuahidi hili: nitakutaja. Nitasema njia hii ilikosewa na mama yangu mzazi, Anna, na ni kwa kosa lake mimi nilipata kupanda tena.

Lala salama, Mama. Usinikasirikie.

Mwanao,
Nafula