Matundu ya Jukwaa

9 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kile kikohozi kimekuacha, maana nilipomuuliza Mama kwenye simu alijibu haraka mno. Mimi sijambo. Baridi ya huku inauma hadi kwenye meno, lakini nimeizoea kama mtu anavyomzoea mwenye nyumba mkorofi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nakutumia picha, na kwenye kisimu chako zingeonekana kama sisimizi. Hizi ni ngome tisa zinazopendwa kuliko zote katika michezo ya kompyuta. Usicheke. Watu wazima wanazikumbuka kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyolelewa. Mwenzangu wa meza moja hajui jina la mtaa wa nyuma ya kwake, lakini ile ngome ya barafu, ambayo aliishambulia akiwa na miaka kumi na miwili, atakutajia kila ngazi na kila mlango wa siri.

Sasa na mimi nimepewa yangu. Miaka minne nimechora mapipa, viti na milango isiyofunguka, na juzi bosi amesema ngome kuu ya gemu letu jipya niichore mimi. Wachezaji maelfu kwa maelfu wataishambulia kwa pamoja, na inatakiwa isimame siku tisini. Ikisimama, napata mkataba wa kudumu. Ikianguka mapema, kila kilichopangwa baada yake kitavurugika, na mimi pamoja nacho.

Wewe umejenga miaka arobaini na hakuna ukuta wako ulioanguka. Niambie nianzie wapi.

Mwanao, kitindamimba wako

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua na picha zimefika salama. Sisi wazima. Kikohozi ni hiki cha kawaida cha fundi, usisikilize maneno ya mama yako. Karatasi usiishangae, ni mfuko wa saruji upande wa ndani. Penseli ya fundi inakolea vizuri juu yake kuliko juu ya daftari.

Picha nilizipeleka kazini tukazitazama wakati wa chai, mafundi watatu, na mmoja alicheka mpaka akamwaga kikombe. Ile ngome inayotembea kwa miguu minne, nani atakubali kuipiga plasta? Ile ya ndani ya mlima wa moto nimeona kiti cha mfalme, nimeona minyororo, sijaona jiko wala choo. Askari mia tatu na choo hakuna. Hiyo haihitaji adui, wewe ngoja wiki moja tu. Ile ya barafu ndiyo niliyoiheshimu. Aliyeichora alijua ukuta unabeba nini.

Yako anza na maji. Jiulize hao watu wa ndani wanakunywa wapi, halafu uzungushe ukuta kulinda kisima. Ukuta uwe mnene chini kuliko juu. Njia ya kuingilia ipinde mara mbili, mtu asifike na mbio zake zote; lango nimekuchorea hapo chini.

Halafu matundu ya jukwaa. Unayajua, ulikuwa ukichomeka vidole humo ulipokuwa mdogo. Ukipandisha ukuta wa mawe unaacha matundu ya kushikia miti ya jukwaa unalosimama juu yake. Mafundi wa siku hizi wakimaliza wanaziba yote ili ukuta upendeze. Mimi siwezi. Ukuta ukipasuka kesho, atakayekuja kuutengeneza akute pa kuweka mti wake. Ukuta usio na matundu ni picha ya ukuta. Acha matundu.

Nafasi imekwisha. Mama yako anakusalimu.

Baba yako

Nimegeuza huku kwenye maandishi ya kiwanda, nimebanana pembeni, maana kuna neno nimelikumbuka. Matundu yaache wazi kwa ndani tu. Kwa nje ziba kwa jiwe na chokaa, lisibaki hata moja. Nyumba ya kawaida haina neno, ila hii ni ngome, na anayekuja kwa nje hakuja kutengeneza ukuta.

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mimi mzima, ila usingizi tumeachana. Nisamehe kukaa kimya, kazi imenimeza.

Ngome imekwisha. Kisima kipo, jiko lipo, vyoo vipo kumi na viwili, na bosi aliponiuliza kwa nini nilimwambia waulizwe askari. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza yangu kwa pini nne, sahihi yako ikinitazama. Wenzangu hawajui kuisoma lakini wanaupenda mchoro wako wa lango.

Nikwambie siri. Wiki iliyopita, wapimaji walipokwisha kuijaribu na kuipitisha, niliutazama ukuta nikaona unateleza kama sabuni. Nilikuwa nimeyasahau matundu. Nikarudi nikayaweka yote, safu kwa safu, toka chini hadi juu, kuzunguka ngome nzima. Ruhusa sikuomba. Sasa unaonekana umejengwa na watu, si picha ya ukuta kama ulivyosema. Tunaifungua tarehe ishirini.

Mwanao

28 Aprili

Baba,

Natumaini mu wazima. Mimi si mzima na sitajifanya.

Ngome imeanguka. Siku tisini, Baba, na imesimama kwa saa nne tu. Kwenye gemu letu mtu akigusa tundu mkono wake unashika wenyewe, ndivyo ulivyotengenezwa, ili aweze kupanda miamba. Mchezaji mmoja aliyechoka kungoja langoni aliligusa tundu la kwanza kwa bahati tu. Akashika la pili. Baada ya dakika ishirini ukuta mzima ulikuwa umejaa watu kama siafu. Jemadari wangu alikuwa bado yuko juu ya lango anatoa hotuba ya kuwatisha, na chini hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, wote walikuwa jikoni kwake.

Ngome yangu itakumbukwa, usiwe na wasiwasi. Wameshaiita Ngazi. Wanaiweka kwenye orodha pamoja na zile tisa nilizokutumia, ila upande wa vichekesho.

Bosi aliuliza nani aliweka matundu na kwa nini. Mbele ya watu kumi na saba nikasema, baba yangu ni fundi. Wakacheka. Jina langu limefutwa kwenye gemu, sasa napanga kokoto za barabarani, na mkataba ukiisha Septemba hawatauongeza.

Wewe ndiye uliyesema acha matundu. Miaka arobaini ya ujenzi na hukujiuliza adui atashika wapi? Natamani nisingekuuliza. Ningechora ukuta wa sabuni kama wengine wote na leo ningekuwa na kazi.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Hapa hatujambo. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mama yako sikumpa.

Kosa ni langu. Mimi nimezoea kujenga zahanati na nyumba za watu wema, ngome sijawahi, na nilikushauri kama ninayejua. Wewe ulinitii tu, na mtoto halaumiwi kwa kutii.

Maneno haya mtafsirie bosi wako: Mimi, fundi mwashi wa miaka arobaini, ndiye niliyemwelekeza mwanangu aache matundu. Yeye hana hatia. Kama kuna wa kuaibishwa ni mimi. Nimeweka sahihi hapa chini na dole gumba pia, wasije wakasema ni barua ya uongo.

Kazini nimeaga. Kuna ukuta wa zahanati walitaka niusimamie, nimekataa, na mwiko nimempa yule aliyemwaga chai. Usijitese. Kula vizuri, hasa asubuhi.

Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili.

Baba yako

25 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa uso gani baada ya miezi minne. Simu za Mama nilikuwa nikiziacha zilie hadi zikatike, na sasa natamani kumpigia lakini hili la leo siwezi kulisema kwa mdomo.

Leo nilikuwa nafungasha vitu vya mezani, mkataba unaisha tarehe thelathini. Nikang'oa pini za barua yako ya Februari. Ilipodondoka ikageuka. Nilidhani nyuma kuna maandishi ya kiwanda tu, Baba. Kumbe pembeni umeandika, kwa penseli, herufi ndogo ndogo: kwa nje ziba, lisibaki hata moja.

Nilikaa sakafuni pale pale. Uliniambia. Miezi saba maneno yako yalikuwa yamegeukia ukutani, kidole kimoja kutoka kichwani kwangu, nami sikugeuza karatasi.

Kuna jingine, na nitalisema ili lisibaki. Barua yako ya Mei nilimpelekea bosi kweli. Nilimtafsiria neno kwa neno, mbele ya wenzangu, nikawaonyesha na dole gumba. Bosi alisema haimsaidii kitu. Mmoja aliipiga picha. Nilikuachia lawama yangu ukaibeba na mimi nikasimama pembeni naona nafuu. Ndiyo, nafuu. Ndiyo maana sikuandika.

Nisamehe, Baba. Mwambie yule fundi akurudishie mwiko. Tiketi nimepata ya tarehe ishirini na nane Oktoba, nitakuja kuyasema haya nimepiga magoti.

Mwanao

14 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni mama yako, maneno ni yangu. Namwambia pole pole maana napumzika kila baada ya sentensi, na yeye anatumia nafasi hiyo kulia, kwa hiyo ukiona wino umetapakaa usiulize.

Barua yako amenisomea mara mbili. Nilijua, mwanangu. Nilijua siku ile ile ya Mei. Fundi anaweza kusahau siku aliyooa, lakini neno la kazi yake hasahau. Nilijua niliandika nyuma, na nilijua hukugeuza.

Nikasema moyoni, mtoto yuko ugenini peke yake, kazi imemponyoka, wanamcheka. Akijua ni kosa lake, atalala nalo chumbani bila mtu wa kumwambia haya yatapita. Mimi nina mama yako. Nikalichukua. Wala ule ukuta wa zahanati nisingeuweza. Daktari anasema ni vumbi la mawe, limejaa kwenye mapafu na halitoki, na nilimkataza mama yako asikwambie kabla ngome yako haijasimama. Baadaye hukupokea simu.

Hasira sina na msamaha nimeshakupa, mama yako ni shahidi. Ila nilishakudanganya mara moja na mara ya pili sitaki. Iliniuma. Si bosi wako aliyeniuma wala hao waliocheka, hao hawanijui. Nilipoandika kosa ni langu, nilidhani utabisha. Tangu ulipoanza kusema hukuwahi kukubali jambo bila kubishana na mimi, hata idadi ya matofali. Nikajua baada ya wiki chache itakuja barua, Baba haiwezekani, wewe huwezi kukosea hivyo, umesahau kitu. Nikangoja Juni. Nikangoja Julai, mama yako anatoka kila siku kuuliza kama kuna barua. Uliniamini upesi mno.

Njoo na hiyo tiketi yako. Ukifika usipige magoti, sakafu ni ya saruji tupu na utaumia. Sikuahidi kwamba utanikuta nikiongea. Ukinikuta kimya, sogeza kiti, ubishane na mama yako juu ya chochote, nikusikie.

Baba yako